Wimbo wa dakika mbili na nusu usiochuja tangu 1966: "Here, There and Everywhere". Karibuni tuuchambue

Nyuzi Sita (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napiga gita kwenye harusi hapa Tanga. Orodha ya nyimbo tulishapewa na kamati, ila muda wa keki ulipokaribia bwana harusi akaniita pembeni. Ana ombi moja. Kuna wimbo marehemu baba yake alikuwa akiuweka kwenye santuri kila Jumapili wakitoka kanisani, na anataka usikike siku yake. Akautaja: "Here, There and Everywhere" wa The Beatles, lile kundi la vijana wanne wa Uingereza.

Naujua tangu najifunza kushika kodi za gita, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Nikawaomba wenzangu wapumzike, nikaupiga peke yangu, gita kavu, sauti ya chini. Ukumbi ulikuwa umejaa, watoto wanakimbizana katikati ya meza, na bado kwa dakika zile mbili na nusu nilisikia feni za darini zikizunguka.

Wakati wa chakula bibi yake bwana harusi akatuma mtoto aniite. "Mwanangu, wimbo ule wa kizungu unasema nini?" Nikamwambia, bibi, anasema anataka mpenzi wake awe hapa, na pale, na kila mahali. "Basi?" Nikamjibu basi. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hapana. Kuna kitu hujaniambia."

Neno lile halijanitoka mpaka leo. Nimeimba wimbo huu zaidi ya miaka ishirini na nilishindwa kumweleza mtu mzima kwa nini umemgusa. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Kwanza niweke ninachokijua. Kwenye santuri umeandikwa kwa majina mawili, Lennon na McCartney, kama walivyokubaliana kwa nyimbo zao za wakati ule, lakini ni kazi ya Paul McCartney. Alikwenda nyumbani kwa John Lennon huko Weybridge, kusini-magharibi mwa London, ili watunge pamoja. Akamkuta mwenzake bado amelala. Akatoka nje na gita, akakaa kando ya bwawa la kuogelea, akaanza kugusagusa nyuzi. Lennon alipoamka, sehemu kubwa ya wimbo ilikuwa imeshapatikana.

Mwezi Mei 1966 kundi la Beach Boys la Marekani lilikuwa limetoa albamu ya Pet Sounds. Mwenzao mmoja, Bruce Johnston, aliibeba mpaka London, Lennon na McCartney wakaisikiliza. Humo mna "God Only Knows", wimbo ambao McCartney ameusifia maisha yake yote, na amesema wazi kwamba ndio uliomsukuma kutunga huu wa kwake.

Walirekodi tarehe 14, 16 na 17 Juni 1966, studio za EMI, barabara ya Abbey Road. Tarehe 18 McCartney akatimiza miaka 24. Yaani aliyeimba kwa utulivu ule alikuwa kijana wa miaka 23. Mimi nikiwa na umri huo nilikuwa naimba kwa kupayuka tu, nikidhani ndiyo hisia.

Ulitoka tarehe 5 Agosti 1966 ndani ya albamu ya Revolver, na hapa ndipo panaponishangaza. Siku hiyohiyo Uingereza ilitolewa santuri ndogo ya "Eleanor Rigby" upande mmoja na "Yellow Submarine" upande wa pili. Huu haukupewa santuri yake. Haukushindana kwenye chati. Mwezi huohuo walikuwa kwenye ziara ya Marekani iliyoishia San Francisco tarehe 29 Agosti, na hawakupiga jukwaani hata wimbo mmoja wa Revolver. Baada ya hapo hawakufanya ziara tena. Kwa hiyo wao wanne kwa pamoja hawakuwahi kuuimba mbele ya watazamaji.

Wimbo haukutangazwa, haukusukumwa, na umefika mpaka kwenye santuri ya baba mmoja wa Tanga. Umefikaje? Na bibi alisikia nini?

Mdau wa Majengo

Naweka kiti hapa, mkuu.

Kwetu mama alikuwa anauimba akipiga pasi ya mkaa. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alikuwa anashika sauti tu, maneno anatunga ya kwake, mengine hayana maana kabisa. Mpaka leo nikinusa nguo iliyotoka kwenye pasi nausikia. Sikujua ni wa The Beatles hadi nilipofika sekondari.

Mkazi wa Kariakoo

Uzi mzuri, na hongera kwa kuuandika kwa moyo. Ila niseme ninachoamini. Kwangu Revolver ni albamu ya "Eleanor Rigby", wimbo wa mama mpweke anayekufa na hakuna anayekuja kumzika. Ni albamu ya "Tomorrow Never Knows", ambayo mpaka leo ukiiweka watu wanauliza imetengenezwa mwaka gani. Ukiweka huu wa mapenzi katikati ya hizo naona ni sukari. Sukari nzuri, lakini sukari. Nyimbo za "nakupenda, kaa karibu nami" ziko maelfu. Huu una nini cha ziada?

Nyuzi Sita

@Mkazi wa Kariakoo, asante, swali lako ndilo la bibi, umelivalisha nguo nyingine. Nijaribu kulijibu kwa upande wangu, upande wa vidole.

Wapiga gita, shikeni G meja. Halafu A maina, halafu B maina, halafu C. Mnapanda ngazi moja moja, hamruki hata moja. Huo ndio mwanzo wa ubeti, na anaurudia tena kabla hajapinda. Ni ngazi ambayo mtoto wa wiki ya tatu anaweza kuipanda. Sauti nayo haina papara. Neno la kwanza la kila ubeti linasimama peke yake, anapumua, ndipo anaendelea. Ukiwa na haraka huwezi kuuimba wimbo huu. Nimejaribu kuuharakisha ukumbini ili watu wacheze, ukafa mikononi mwangu.

Sasa sikilizeni utangulizi, ule mstari wa mwanzo kabisa kabla mdundo haujaingia. Pale hamna ngoma ya kuhesabu. Anaimba kama mtu anayejisemea. Wenzangu wa taarab mtafikiria taksim, pale mpiga udi anapotembea peke yake kabla kundi halijashika mapigo. Kwao ni desturi ya nyimbo za majukwaa ya zamani, za enzi za wazazi wao, kuwa na utangulizi unaoimbwa mara moja tu na haurudi. Mwaka 1966 vijana wa gita za umeme hawakuwa wanahangaika na mambo hayo.

Ndani ya utangulizi kuna kodi moja ngeni. Anatoka G, B maina, halafu ghafla B-flati. Hiyo siyo ya nyumba ile, yaani haimo kwenye ufunguo wa G. Ni mgeni amechungulia mlangoni na kuondoka, kwa sababu mara moja tunarudi A maina na D, tunaingia kwenye ubeti kwa amani. Unasahau. Dakika moja baadaye kinakuja kile kipande cha katikati, anaposema anamtaka kila mahali, na wimbo mzima unahamia kwenye B-flati ileile. Mgeni kumbe alikuwa mwenyeji. Nyumba aliyochungulia mwanzo ndiyo tumehamia.

Ukisikiliza bila gita huwezi kuitaja, ila mwili unaitambua. Unahisi umefika mahali ulipowahi kupaona. Mkuu, hiyo siyo sukari. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mdau wa Majengo

Nimeenda kusikiliza tena sasa hivi na heda­foni. Hapo kwenye kuhama nimepata baridi mgongoni. Nimeusikia miaka yote hii bila kujua kuna mlango.

Kinasasauti

Nimefanya kazi studio muda mrefu, acha nichangie upande wangu.

Enzi hizo walikuwa na tepu ya njia nne. Nne tu. Ngoma, gita na besi vinabanwa pamoja, sauti zinagawana nafasi inayobaki. Fundi mitambo alikuwa Geoff Emerick, kijana wa miaka 20, na Revolver ndiyo albamu ya kwanza aliyokabidhiwa mitambo akiwa fundi mkuu. Wimbo wao wa kwanza pamoja, Aprili 1966, ulikuwa huohuo "Tomorrow Never Knows" wa @Mkazi wa Kariakoo, ambao sauti ya Lennon ilipitishwa kwenye spika inayozunguka ya kinanda. Watu walewale, chumba kilekile, miezi miwili baadaye wanakaa kurekodi wimbo mtulivu namna hii.

Kuna mambo mawili ningependa myasikilize. La kwanza, sauti ya McCartney. Alisema alipokuwa anaimba alikuwa na sauti ya Marianne Faithfull kichwani, yule dada aliyekuwa akiimba kwa wepesi kama pumzi. Halafu tepu ilipunguzwa mwendo kidogo wakati wa kurekodi sauti, ili ikirudishwa kwenye mwendo wake sauti ipande na iwe nyembamba. Ndiyo maana unasikia kama kijana mdogo kuliko umri wake, na kuna kitu kama kioo. Mabinti na vijana wa leo wana programu ya kufanya hayo kwa kubofya. Wao walifanya kwa mota ya tepu na masikio.

La pili, sauti za nyuma. Lennon, George Harrison mpiga gita wa kundi, na McCartney mwenyewe. Aliyezipanga ni George Martin, mtayarishaji wao. Sikilizeni zinavyotembea: zinaenda pamoja, zinapanda pamoja na kushuka pamoja, hakuna anayejitokeza kumfunika mwenzake. Waliokulia kwenye kwaya watanielewa, ule wakati soprano, alto, tenori na besi wanashika "mmm" na mwimbaji mmoja anatembea juu yao. Nikimfundisha kijana kuchanganya sauti huwa namwekea wimbo huu na kumwambia azime sauti za nyuma kichwani mwake. Wimbo unabaki, lakini unakuwa na baridi, kama nyumba ambayo watu wamehama.

Ubeti wa mwisho kuna vidole vinaalika. Ni vidogo sana. Nilikaa miaka kumi bila kuvisikia.

Mkazi wa Kariakoo

@Kinasasauti na mtoa mada, nimesikiliza mara tatu usiku wa leo. Upande wa muziki nakubali, nilikuwa sijausikiliza, nilikuwa nausikia tu. Ila maneno bado. Maneno yake ni mepesi mno. Mkono, nywele, macho. Basi.

Bi Shairi wa Mvita

Hamjambo nyote. Mie ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, niko Mombasa. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu, akijua wimbo naupenda. Nimejiandikisha usiku huu ili nijibu hilo la maneno.

Ndugu yangu @Mkazi wa Kariakoo, nakubaliana nawe kuwa maneno ni mepesi. Lakini umeyatazama moja moja kama shanga zilizomwagika sakafuni. Tazama uzi uliozishika.

Utangulizi unaishia na neno "hapa". Ubeti wa kwanza unaanza na neno gani? Hapa. Ubeti huo unaishia na neno gani? Pale. Wa pili unaanza na neno gani? Pale. Nimefundisha ushairi miaka thelathini na mitano, na mtoto wa kidato cha pili angeniinulia mkono: mwalimu, hilo ni pindu! Wengine huliita mkufu, wengine nyoka. Neno la mwisho la ubeti ndilo linalofungua ubeti ufuatao, na shairi linajivuta hivyo mpaka mwisho, kila pete imeshika pete mwenziwe.

Sisemi McCartney alijua bahari zetu za ushairi. La hasha. Nasema mtu akitunga juu ya mapenzi ambayo hataki yakatike, mkono wake utautafuta mkufu, awe Lamu au awe Weybridge.

Sasa fuatana nami kwenye pete ya tatu, kwa sababu hapo mtunzi anafanya jambo la ajabu. Neno "kila mahali" analitaja mapema, mwanzoni mwa kile kipande cha katikati mlichosema kinahamia nyumba nyingine. Kisha mwishoni mwa kipande anasema kwamba kumpenda ni kumhitaji, na sentensi haiishi. Inamwagika kuvuka mpaka, inaangukia kwenye ubeti unaofuata: kila mahali. Sisi huuita mshororo wa namna hiyo mshata, usiojitosheleza, unaomtegemea mwenziwe. Neno moja linakuwa mwisho wa sentensi moja na mwanzo wa nyingine. Na ni neno gani alilolichagua livuke mpaka? Lile lenye maana ya kutokuwa na mipaka. Hilo halikutokea kwa bahati.

Jambo jingine nawaomba mlipime. Tafuteni katika wimbo wote neno la kumsifia uzuri. Hamtalipata. Hakufananishwa na mwezi, wala ua, wala hakuambiwa ana macho ya gololi. Yametajwa macho, lakini ni ya kutazamwa tu, hayakupambwa. Mkono ni wa kupunga. Anayependwa hapa hakusifiwa. Ametajiwa mahali tu.

Na mahali kwetu ni jambo zito kuliko kwao. Mwingereza akisema yupo na akisema yuko pale, anatumia maneno tofauti, ila mtunzi huyu amechezea neno moja mpaka likabeba yote mawili: kuna kitu pale, na mtu yuko pale, na natumaini nitakuwa pale daima. Kiswahili hakihitaji kuchezea. Tunasema "yupo". Ile "po" ni mahali, na ndiyo hiyohiyo ya kuwepo duniani. Kwetu mtu hawezi kuwepo bila kuwa pahali. Huenda yule bibi wa Tanga alimsikia mtu akisema kwa sauti yake yote "nipo", na hakuhitaji tafsiri.

Nyuzi Sita

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Miaka ishirini naimba pindu sijui kama ni pindu. Na sasa naona kilichokuwa kinanisumbua: nilikuwa nikisahau maneno ya nyimbo nyingine, wimbo huu sijawahi kuusahau hata siku moja. Kumbe ubeti mmoja ndio unaokukabidhi kwa mwenzake.

Na ile kodi ya B-flati ya mwanzoni inafanya kazi ileile! Muziki nao umefungwa mkufu. Utangulizi umeshika pete ya kipande cha katikati.

Mkazi wa Kariakoo

Mwalimu, shikamoo. Nimekubali. Sikuwa nimeutazama uzi, nilikuwa naokota shanga.

Mtoto wa Moshi, London

Habari za huko nyumbani. Naishi London mwaka wa kumi na moja huu, na basi langu la kwenda kazini linapita jirani na ile studio ya Abbey Road. Ukuta wa mbele umejaa maandishi ya wageni, unapakwa rangi nyeupe na wiki hiyohiyo unajaa tena. Nimewahi kukuta mstari wa wimbo huu umeandikwa kwa kalamu ya bluu na majina mawili chini yake.

Naomba niongeze historia kidogo, kwa sababu inanipa shida na ningependa mwalimu anisaidie. Wakati ule mchumba wa McCartney alikuwa Jane Asher, mwigizaji. Kuanzia mwishoni mwa 1963 kijana aliwahi kukaa kwa miaka kadhaa kwao huyo dada, mtaa wa Wimpole Street, chumba cha juu kabisa cha nyumba. Walivalishana pete ya uchumba Desemba 1967. Katikati ya 1968 wakaachana. Machi 1969 yeye akamwoa Linda Eastman.

Yaani miaka miwili baada ya wimbo, hapa hapakuwepo, pale hapakuwepo. Nilipoachana na mtu niliyemdhania ni wa maisha, sikuweza kuusikiliza kwa muda mrefu. Niliona umenidanganya. Je, wimbo ukitabiri jambo na lisitokee, bado ni wa kweli?

Mzee wa Santuri

Kijana wa Moshi, pole.

Mimi nina santuri hii tangu enzi zangu nikiwa mwanafunzi. Upande wa kwanza, wimbo wa tano. Imekwaruzika pale kabla ya kipande cha katikati, inaruka, na mimi na mke wangu tulizoea kuiimbia sehemu iliyorukwa. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Mpaka leo ikifika pale ninaimba ile sehemu mwenyewe.

John Lennon hakuwa mtu wa kumsifia mwenzake ovyo, hasa baada ya kundi kuvunjika. Lakini mwaka 1980, mwaka wake wa mwisho, alipoulizwa kuhusu nyimbo zao moja moja, kwenye huu alisema ni wa Paul na ni mmoja wa anaoupenda zaidi katika nyimbo za The Beatles. Na McCartney naye kila akiulizwa wimbo wake bora, huu haukosi kutajwa. Ameurudia akiwa peke yake mara nyingi, hata kwenye onyesho la gita kavu la mwaka 1991 kwa ajili ya televisheni, na kuachana kwake na yule dada hakukumzuia. Nafikiri alishajua wimbo si mali ya uchumba ule.

Kuna Emmylou Harris pia, wa muziki wa country wa Marekani, aliuimba mwaka 1975. Mtafuteni. Kwake unasikia mtu mzima anauimba, na unakubali.

Bi Shairi wa Mvita

Mwanangu wa Moshi, pole sana.

Nakuomba urudi kwenye mishororo ya mwisho ya ubeti wa mwisho. Hakuna kiapo pale. Anasema kila mmoja anaamini mapenzi hayafi. Kuamini, hakusema kujua. Kisha anamtazama macho na *kutumaini* kwamba atakuwepo daima. Mtu mwenye hakika hatumaini, keshapata. Anayetumaini anajua kuna siku huenda asiwepo. Woga ule umo ndani ya wimbo tangu siku ya kwanza, umefichwa chini ya utamu, na ndio unaoufanya usichoshe. Wimbo wa utamu mtupu tungeuchoka zamani.

Kwa hiyo haukukudanganya. Uliomba pamoja nawe.

@Mzee wa Santuri, Mungu amrehemu mama. Ile pete iliyokatika kwenye santuri yenu mlikuwa mkiiunga kwa midomo yenu wawili.

Sasa nina jambo la kumpa @Nyuzi Sita. Ulisema ulishindwa kumweleza bibi. Wimbo wa watu siutafsiri, utapoteza mwendo wake. Nimekutungia beti tatu za kwetu, pindu la mizani kumi na sita, juu ya maneno hayohayo matatu ya mahali. Mpelekee.

*Nina ombi la moyoni, nalitoa nikiapa,*
*Sitaki mali nyumbani, wala dhahabu kunipa,*
*Nataka uwe jirani, tuongee bila pupa,*
*Mwangaza wa machweoni, ukukute uko hapa.*

*Hapa pana pumziko, sitamani kwenda mbele,*
*Nashika mkono wako, mtaani ni kelele,*
*Kuna jina, ndilo lako, nalitaja polepole,*
*Hata ukienda huko, roho yangu iko pale.*

*Pale ulipo, nilipo, karibu ama kwa mbali,*
*Kusi likivuma, upo, na jua likiwa kali,*
*Naomba nami niwepo, moyoni mwako kwa kweli,*
*Ukitaja jina, nipo, nawe kwa kila mahali.*

Kinasasauti

Mwalimu, hizi zirekodiwe. Studio nitatoa mimi, bure.

Mtoto wa Moshi, London

Asante mwalimu. Nimeusikiliza leo asubuhi kwenye basi, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Niliumaliza.

Nyuzi Sita

Wakuu, mrejesho.

Nimekaa na beti za mwalimu siku mbili. Kwenye ngazi ya G, A maina, B maina, C hazikai, mizani yetu ina mwendo wake na sikutaka kuulazimisha. Nikazitafutia sauti ya kwake, taratibu, kwenye A maina. Kitu kimoja tu nimekiazima: mwanzo wa kila ubeti naliacha neno la kwanza lisimame peke yake. "Hapa." Napumua. "Pale." Napumua.

Kwa wanaoanza gita walioniandikia faragha kuhusu ile B-flati: kidole cha shahada kizibe nyuzi kwenye kidato cha kwanza (nafasi ya kwanza kwenye shingo ya gita), vingine vitatu vikae kidato cha tatu, nyuzi za D, G na B. Itawauma wiki mbili, vumilieni. Msiiruke na kuweka kodi rahisi. Mkiiruka hapo mwanzo, kipande cha katikati hakitakuwa na mahali pa kurudi.

Nimempigia bwana harusi. Bibi yake anaishi Pangani. Amesema mchana huwa anakaa barazani, na Jumapili atakuwepo. Naenda na gita, nyimbo zote mbili.